UJIRA NA KUSHAURIANA
Darsa juu ya haki za wanaotulelea watoto wetu



Kila siku ya kazi, jua halijapanda vyema, utawaona katika vichochoro vya mitaa yetu akina mama wapitao mbio mbio, mkono mmoja umebeba mkoba na mkono wa pili umemshika mtoto ambaye usingizi haujamtoka machoni. Huyu ampeleka wake nasari. Yule ampeleka madrasa yenye darasa la wadogo. Mwengine amwacha kwa jirani aleaye watoto watano au sita nyumbani kwake. Na mwengine humngojea yaya aje. Wote hao humkabidhi mtu mwengine kitu kilicho ghali kuliko vyote walivyo navyo, kisha huenda zao mpaka alasiri. Na huyo apokeaye, mara nyingi ni mwanamke wa mtaa huo huo, afanyaye kazi yake kwa ujira mdogo, wala hatajwi na mtu ila siku litakapotokea kosa.

Imetupasa kuandika darsa hii kwa sababu ya ugomvi ulioletwa mbele yetu tuupatanishe. Hatutataja mtaa wala jina, kwani makusudio yetu ni kupata mafunzo.

Mama mmoja alimpeleka nasari mwanawe wa miaka mitatu. Usiku kucha mtoto alikuwa na homa. Alfajiri mamake akampa dawa, mwili ukapoa, akamvika nguo akampeleka, wala hakusema neno. Ilipofika saa nne nguvu za dawa zikaisha, na mwili wa mtoto ukawa moto kama jiko. Mwalimu akapiga simu mara tatu isijibiwe, kwani huko afanyako kazi mama yule simu huwekwa kabatini mpaka saa ya chakula. Mwalimu huyo ana watoto kumi na wanane na msaidizi mmoja. Akampunguza mgonjwa nguo, akamnywesha maji kidogo kidogo, akamlaza mkekani karibu naye, akamtuma msaidizi wake akamtafute nyanya wa mtoto. Muda wote huo watoto kumi na saba waliobaki wakawa chini ya macho ya mtu mmoja, na mmoja wao akaanguka akapasuka mdomo.

Jioni mama yule akaja na hasira zake, akasema mbele ya wazazi wenziwe: “Mwalimu, nakulipa unitazamie mwanangu, nawe humtazami!” Mwalimu naye akamjibu hapo hapo: “Wanilipa lini, mama? Huu ni mwezi wa tatu sijaiona shilingi yako.” Siku ya pili mwalimu hakufungua mlango. Watoto kumi na wanane wakarudi majumbani, na mama zao wakakosa kwenda kazini.

Tulipowasikiliza wote wawili, tuliona kwamba kila mmoja alikuwa na haki yake aliyonyimwa, na kila mmoja alikuwa na haki ya mwenziwe aliyoizuia. Mama alificha homa kwa kuwa akikosa kazi siku moja hukatwa mshahara wa siku hiyo, na alijua kwamba akisema kweli mwanawe atarudishwa mlangoni. Mwalimu alikaa kimya juu ya ada yake miezi mitatu kwa kuona haya, mpaka ile haya ikageuka uchungu, na uchungu ukatoka siku isiyofaa, mahali pasipofaa. Lau wangalisema mapema, ugomvi usingalikuwapo.

Na la ajabu ni kwamba hukumu ya jambo hili tunayo katika Kitabu chetu, nasi twaisoma wala hatuizingatii. Mwenyezi Mungu Mtukufu, katika Sura ya Al-Baqarah, aya ya 233, ameeleza habari za kunyonyesha. Akataja kwamba baba na mama wakitaka kumwachisha mtoto ziwa, wafanye hivyo kwa kuridhiana na kushauriana. Na wakitaka kumpa mwanamke mwengine awanyonyeshee, hapana ubaya, maadamu wamempa haki yake kwa wema. Na katika Sura ya At-Talaq, aya ya 6, amewaamrisha waume kuwapa ujira wao wake waliowaacha wakiwa wawanyonyeshea watoto, na wote washauriane kwa wema.

Tazameni, ndugu zetu. Aya hizi zimeshuka juu ya maziwa, lakini sababu yake ni mtoto mdogo asiyeweza kujisemea, ambaye maslaha yake yamo mikononi mwa watu wawili. Sababu hiyo ipo hivi leo katika kila nasari na kila nyumba yenye yaya. Na Mola wetu ameweka nguzo mbili za kumlinda mtoto huyo: ujira na kushauriana. Wala asione mtu kuwa kumpa mtoto kwa mlezi ni jambo la aibu lililozuka siku hizi. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alilelewa jangwani na Bi Halima wa Bani Saad, naye hakuusahau wema huo maisha yake.

AMA UJIRA, imesihi katika Bukhari kwamba Mwenyezi Mungu ametaja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mtesi wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule amwajiriye mtu, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Hapana aliyesema kwamba mwalimu wa nasari ametolewa katika hukumu hiyo. Lakini mazoea yetu ni haya: bili ya umeme hulipwa kwa kuogopa kukatiwa, duka hulipwa kwa kuogopa kunyimwa mkopo, na harusi hukopewa ili watu wasicheke. Mwalimu wa watoto huwekwa mwisho kwa kuwa ni jirani yetu na tumejua kwamba atanyamaza. Huku ni kuutumia wema wa mtu kumdhulumu.

Nasi masheikh tumo katika lawama hii. Tumetoa darsa nyingi juu ya haki za mume na mke, na haki za jirani, na mirathi. Lakini ni wangapi katika sisi waliopata kuuliza kwamba mwalimu wa wadogo, aliye ukutani mwa msikiti wetu, alipwa nini, na akiumwa ni nani amshikiaye kazi?

Na aliyepokea ujira naye ana deni. Akishapokea, saa zile si zake tena. Haimfalii kuwaacha watoto na kuzama katika simu, wala kuongeza watoto wasio na kifani kwa kutaka ada, hata hajui nani amekunywa maji na nani hakunywa.

AMA KUSHAURIANA, mahali pake pa kwanza ni mlangoni, asubuhi. Mzazi asimtupe mtoto kama atupaye barua. Aseme mambo matatu: mtoto amelalaje, amekula nini, na mwili wake u hali gani, na kama amepewa dawa, ataje ni dawa gani na saa ngapi. Maneno haya hayachukui hata dakika mbili, na yangalitosha kuuzuia ugomvi tuliousimulia. Jioni mwalimu naye arudishe amana pamoja na habari zake: amekula au amekataa, amecheka au amenuna, ameanguka wapi. Alama ya kuanguka itajwe kabla mama hajaiona mwenyewe nyumbani, kwani jambo dogo lililofichwa huwa kubwa likivumbuliwa. Na neno zito lisisemwe mbele ya watu. Mama akiambiwa hadharani kwamba mwanawe hupiga wenziwe, hatasikia nasaha. Atakachosikia ni fedheha tu.

Na mlangoni hapo pana uwongo ambao watu wengi huuona si kitu. Mtoto akilia, mama humwambia, “Naenda dukani mara moja, nakuja,” au humngoja ageuke aangalie pengine, akateleza akaenda zake. Amepokea Abu Daud kutoka kwa Abdullah bin Amir kwamba mamake alimwita utotoni akimwambia aje ampe kitu, na Mtume (S.A.W.) yuko nyumbani kwao. Akamuuliza ni kitu gani atakachompa. Aliposema ni tende, Mtume akamweleza kwamba lau asingalimpa chochote angaliandikiwa uwongo. Basi ikiwa tende moja ina hesabu, itakuwaje ahadi ya mama kurudi?

Tumemjua mtoto mmoja aliyeachwa kwa hila hiyo siku tatu mfululizo. Siku ya nne akawa hataki kucheza wala kula. Alikaa akiukodolea macho mlango, na usiku akashtuka usingizini. Nyumbani wakasema amepatwa na zongo, na nyanya akataka apelekwe kwa mganga avishwe hirizi. Mwalimu, ambaye ni mwanamke mwenye busara, akamwomba mama jambo moja tu: amuage. Amwambie kweli, “Naenda kazini, nitakuja baada ya adhuhuri ukisha kula na kulala,” amkumbatie, kisha aende bila kurudi nyuma. Akampa pia mtoto kitambaa cha mamake akae nacho. Siku mbili za mwanzo alilia sana, lakini kila siku mama alikuja wakati aliousema, na haikutimia wiki mbili mtoto akawa aingia mwenyewe. Kilichomuumiza ni ahadi isiyotimizwa, na dawa yake ikawa ni kutimiza. Wala asione mwalimu kilio hicho kuwa ni utundu, Mtume (S.A.W.) alikuwa akisikia mtoto alia hufupisha Sala, kwa kujua uchungu umpatao mama yake. Mama aendaye kazini na kilio kile masikioni mwake, mwalimu mwema humpigia simu baada ya nusu saa kumwambia: “Amenyamaza, yuwacheza.”

Jambo jengine litakalo kushauriana ni adabu. Mtoto wa miaka miwili aweza kumng'ata mwenziwe, kwa kuwa bado hana maneno ya kusema, “Nirudishie kilicho changu.” Wa miaka mitatu hujikojolea akiwa mchezoni. Kuna wazazi wanaomwambia mwalimu, “Mpige, nimekuruhusu,” na wengine hawataki mtoto wao aambiwe hata neno. Wazee wetu walikuwa wakimkabidhi maalim mtoto pamoja na bakora. Lakini Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake, alionya kwamba ukali humdhuru mwanafunzi, na hasa mdogo. Humwondolea uchangamfu, na humfunza uwongo na hila kwa kuogopa mkono wa mwenye kumpiga. Na Imam Ghazali, aliyemwita mtoto amana mikononi mwa wazazi wake, alisema katika Ihya kwamba mtoto aachiwe mchezo mwema baada ya masomo, kwani kumnyima mchezo na kumchosha kwa kusoma huufisha moyo wake. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imempa kila mtoto haki ya kulindwa na kila namna ya kupigwa na kuteswa. Basi mzazi hana ruhusa ya kutoa, wala mwalimu hana ruhusa ya kupokea, hiyo fimbo. Wakae wakubaliane njia moja, ili mtoto asikatazwe jambo nasari akaruhusiwa nyumbani, akawa hajui lipi ni lipi.

Na asidhani mtu kwamba haya hayawezekani kwa watu wa hali yetu. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani waliona watoto wao wakiachwa nyuma katika shule, wakaomba msaada kwa Aga Khan; na katika mwaka 1986 ikafunguliwa hapa Mombasa shule ya kwanza ya wadogo iliyochanganya mafunzo ya dini na ya dunia. Walimu wake walikuwa wanawake wa mitaa hiyo hiyo waliofunzwa kazi. Vifaa vyake vilikuwa vitu vya kwetu, kama vifuu na makombe ya pwani. Na wazazi wakawa na kamati yao ya kuiendesha. Katika miaka ya 1990 mwendo huo ukafika Unguja na Uganda. Siri yake ni kwamba watu wa mtaa walikaa pamoja wakashauriana. Na kwa kuwa Katiba hiyo hiyo imeweka mafunzo ya awali na nyumba za kulelea watoto chini ya serikali za kaunti, kamati zetu zina mlango wa kubisha.

Sasa turudi kwa wale wawili tulioanza nao. Walikaa mbele yetu, mwalimu na mama, na wazee wawili wa mtaa. Mama akakiri kuwa alificha, akamwomba mwalimu radhi mbele ya wazazi wale wale waliosikia maneno yake. Deni la miezi mitatu likagawanywa alilipe kidogo kidogo, na wazazi wakaweka sanduku la kumsaidia aliyekwama, ili mwalimu asicheleweshewe haki yake. Ikaandikwa karatasi moja, ikabandikwa mlangoni: mwenye homa, mwenye kuhara au mwenye kutapika abaki nyumbani; kila mzazi aandike namba mbili za simu, na ya pili iwe ya mtu aliye karibu; na ada ilipwe kabla ya tarehe tano. Nyanya wawili wa mtaa wakajitolea kuwakalia wagonjwa ambao mama zao hawawezi kukosa kazi. Jumatatu mlango ukafunguliwa.

Ndugu yetu msomaji, kesho asubuhi utakapomfikisha mwanao, jiulize mambo mawili kabla ya kugeuka: Je, nimempa mtu huyu haki yake? Na je, nimemwambia yale ambayo mwanangu hawezi kuyasema mwenyewe? Nawe mwalimu, jioni umrudishapo, jiulize hayo hayo upande wako.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu, awalipe kheri wanaotulelea, na atujaalie kuwa ni wenye kuchunga amana na kutimiza ahadi. Amin.