Rusizi Inaingia au Inatoka?

Somo la kujadiliana katika familia na katika kamati za amani



Kambini, katika familia zinazopokea wageni na kando ya ziwa, neno hutembea haraka kuliko mtu. "Barabara imefungwa." "Wale ndio walioleta shida." Familia hufunga mizigo usiku, na majirani huacha kusalimiana, kwa sababu ya neno ambalo hakuna aliyelihakikisha. Pwani yetu ya Uvira ina historia inayoweza kutufundisha namna ya kupima neno.

Swali la wasafiri

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Ujiji. Walikuwa wametumwa na Royal Geographical Society ya London, na walitaka kujua mto Nile unaanzia wapi. Speke alisikia kutoka kwa mfanyabiashara mmoja Mwarabu kwamba kaskazini mwa ziwa kuna mto mkubwa unaotoka. Kama Rusizi ilitoka ziwani, huenda ndiyo ilikuwa mwanzo wa Nile. Kama iliingia, walipaswa kutafuta mahali pengine.

Habari ile ilipitia kwa mkalimani wao, Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani na kupelekwa India, kisha akarudi Afrika akiwa mtu mzima. Alijua maana ya kung'olewa kwenu.

Mwezi wa Aprili walifika Uvira kwa mitumbwi. Wana watatu wa mtawala wa mahali hapo walikuja kuwaona. Wakaulizwa kuhusu Rusizi. Wakajibu kwamba inaingia ziwani. Bombay naye akasema kwamba maneno ya yule mfanyabiashara yalieleweka vibaya. Wapiga kasia waliogopa kuendelea mbele, kwa hiyo wasafiri walirudi bila kuuona mdomo wa mto.

Miaka 6 baadaye, mwaka 1864, katika mabishano makali huko Ulaya, Burton aliandika kwamba labda Rusizi inatoka ziwani. Jibu la watu wa Uvira liliwekwa kando.

Mwezi wa Novemba 1871, David Livingstone na Henry Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji, wakaingia katika mdomo wa Rusizi. Mkondo uliwajia mbele. Mto unaingia. Miaka 13 ilikuwa imepita tangu wana wale watatu waseme hivyohivyo.

Kwa nini jambo hili ni letu leo

Mwaka 1874 msafiri mwingine, Verney Cameron, alifika penye njia ya maji kutoka: mto Lukuga, karibu na Kalemie ya leo. Ulikuwa umezibwa kwa mimea na udongo. Mwaka 1878 maji yalivunja kizuizi hicho, na ziwa likashuka kwa muda wa miaka mingi.

Basi mito mingi inaingia Tanganyika, lakini ni mmoja tu unaotoka. Mvua ikizidi, ziwa hupanda. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika mjini Uvira. Watu walikufa, na maelfu walipoteza nyumba zao. Katika miaka iliyofuata ziwa nalo lilipanda na kufunika nyumba za ufukweni. Wakati kama huo ni rahisi kusema, "Ni kabila fulani," au "Ni wakimbizi." Lakini maji hayana kabila. Mtu anayejua njia ya maji hatamtafuta jirani wa kulaumu, bali atatafuta mahali pa juu pa kujenga.

Tunajifunza nini?

1. Tumuulize anayeishi mahali penyewe. Wana wa Uvira waliuona mto ule.

2. Tuchunguze neno limepitia midomo mingapi. Kati ya "inaingia" na "inatoka" kuna neno moja tu, na mkalimani mwaminifu anaweza kueleweka vibaya.

3. Hofu isifunge safari ya kutafuta ukweli. Pande mbili zinapobishana juu ya mpaka wa shamba au kisima, wazee wa pande zote waende pamoja wakaone. Kama njia si salama, tuseme wazi, "Bado hatujaona," wala tusitoe hukumu.

4. Wenyeji wawasikilize pia waliokimbia. Hao ndio wanaojua kilichotokea huko walikotoka.

Maswali ya kujadiliana

– Ni uvumi gani uliwahi kuleta ugomvi kati yetu? Ulianzia kwa nani?

– Katika mikutano yetu, nani husema na asisikilizwe: mama, kijana, au mgeni?

– Mahali tunapotaka kujenga, je, tumewauliza wazee maji yaliwahi kufika wapi?

Jambo la kufanya

Wiki hii chagueni watu watatu wanaoaminiwa na pande zote. Neno la kutisha likija, wao ndio watakaoulizia kwanza. Wengine wasubiri jibu lao kabla ya kulipeleka neno hilo kwa jirani.