Kabla hujatoboa boneti ya gari lako

Gari la mzigo likirudi gereji ya Mangobo, Kisangani, linachemsha, hakosekani mtu wa kusema: "Toboa kapo," yaani boneti, "joto litoke." Ushauri huo una ukweli ndani yake. Matundu ya boneti husaidia, ila yakikatwa mahali sahihi, na kwenye gari ambalo mfumo wake wa kupoza ni mzima. Gari linalochemsha kwa sababu ya ubovu litaendelea kuchemsha hata boneti ikibaki mbavu tupu.

Rejeta hupozwa na hewa inayopita ndani yake. Hewa hiyo huingia kwenye grili, hupenya rejeta, kisha hutafuta pa kutokea, kwa kawaida chini ya gari. Ili ipite, mgandamizo wa nyuma ya rejeta lazima uwe mdogo kuliko wa mbele. Chumba cha injini kikijaa hewa moto isiyopata njia, hewa mpya nayo hupungua. Hapo ndipo tundu lina kazi.

Lakini usitegemee upepo wa mwendo tu. Ukipunguza mwendo mara tatu, nguvu ya upepo hupungua mara tisa. Kwa kilomita 60 kwa saa, upepo unaopiga uso wa gari unaweza kuinua maji yaliyo ndani ya mpira uliokunjwa kwa umbo la U kama milimita 16. Kwa kilomita 20, hata milimita 2 hazitimii. Anayetoka Kisangani kwenda Banalia au Bafwasende mvua ikiwa imenyesha anajua kuna sehemu gari linapitwa na mtembea kwa miguu. Hapo feni ndiyo inayovuta hewa, kwa hiyo ukaguzi unaanzia huko.

Kagua haya kwanza

1. *Feni.* Land Cruiser nyingi za injini ya 1HZ zina feni inayozungushwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni. Zima injini ikiwa moto, kisha zungusha feni kwa mkono. Ikigoma kidogo, ni nzima. Ikizunguka bure, klachi imekufa. Hakikisha pia kasha linaloizunguka feni halijapasuka wala kuondolewa, maana bila hilo feni huzungusha hewa ileile ya moto.

2. *Rejeta.* Matope na mbegu za nyasi hujificha kati ya rejeta ya maji na ile ya kiyoyozi. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, kwa maji yasiyo na kasi kubwa, usije ukalaza mapezi yake.

3. *Kizibo na maji.* Kizibo cha bar 1 hupandisha kiwango cha maji kuchemka kwa takribani nyuzi 20. Mpira wake ukichoka, faida hiyo yote imepotea. Usikifungue injini ikiwa moto. Maji ya kisima huacha ukoko ndani ya rejeta, kwa hiyo tumia kulanti iliyochanganywa na maji safi. Themostati usiitupe: bila hiyo injini huchelewa kupata joto lake, hula mafuta na huchakaa mapema.

4. *Mbele ya grili.* Winchi, taa za ziada na bamba la chuma huziba njia ya hewa. Sogeza au punguza.

5. *Mapovu.* Fungua kizibo injini ikiwa baridi, iwashe, uangalie maji. Yakitoa mapovu mfululizo, huenda gaskiti ya silinda hedi imeungua. Tundu la boneti haliwezi kuponya hilo.

Mahali pa kukata

Sehemu nzuri ni theluthi ya mbele ya boneti, nyuma kidogo ya rejeta, ambapo upepo unapopanda juu ya boneti huacha mgandamizo mdogo. Karibu na kioo cha mbele ni kinyume: upepo hugonga kioo, hujikusanya, na tundu la hapo huingiza hewa badala ya kuitoa. Ndiyo sababu kuinua nyuma ya boneti kwa kuweka washa kwenye bawaba zake hakufai kwa mwendo wa kasi, ingawa gari likisimama joto hupata pa kutokea.

Usichanganye tundu la kutolea na mdomo ulio juu ya boneti ya Hilux au Prado zenye injini ya 1KD. Mdomo ule huingiza hewa ya kupoza intakula. Usiuzibe wala usiugeuze.

Unaweza kupima kabla ya kushika msumeno. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje kwa umbo la U, utie maji yenye rangi. Ncha moja iache ndani ya chumba cha injini. Nyingine ibandike kwa utepe wa karatasi wenye gundi juu ya boneti, mahali unapotaka kukata. Endesha kwenye barabara iliyonyooka, na mwenzako asome. Maji yakipanda upande wa ncha ya juu ya boneti, hewa itatoka. Yakipanda upande wa injini, hewa itaingia. Tafuta mahali pengine.

Ukikata

Usiguse mbavu za ndani wala eneo la kufuli ya boneti. Matundu yaelekezwe nyuma, na yasikae juu ya alteneta, betri au filta ya hewa, kwa kuwa Kisangani mvua hunyesha kila mwezi. Weka kisinia cha bati chini yake chenye mfereji wa kumwaga maji pembeni, na upake kingo rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo.

Mwishowe, pima faida. Usitegemee sindano ya dashibodi, kwani kwenye Toyota nyingi hubaki katikati wakati joto linapanda. Funga geji yenye namba. Pita njia ileile, kwa mzigo uleule na saa ileile, mara moja matundu yakiwa wazi, mara nyingine yakiwa yamezibwa kwa utepe huohuo. Namba zikilingana, maji hayajapata nafuu. Faida itakayobaki ni kwa nyaya na mipira, ambayo hupumua injini ikizimwa kwenye foleni ya kivuko cha Lubunga. Hilo nalo lina thamani yake, mradi usilinunue kama dawa ya kuchemsha.