SOMO LA MWEZI: Akili ya kipepeo wa usiku, na mahindi yetu



Kwenye mikutano swali moja linarudia kila mara: «Kwa nini viwavi jeshi vinakula shamba langu, na la jirani vinaliacha?» Wengine wanawaza uchawi. Sisi tunasema: tuangalie kwanza kichwa cha mama yao.

Kiwavi hakichagui shamba. Anayechagua ni mama yake, kipepeo wa usiku. Mdudu huyu asili yake ni Amerika. Huku Afrika alionekana mara ya kwanza mwaka 2016, na leo anaharibu mahindi ya bukari yetu hapa Haut-Katanga.

Ubongo wake ni mdogo kuliko punje ya mtama, lakini gizani unafanya kazi kubwa. Vipapasio vya kichwani vinanusa hewa, ubongo unatenganisha harufu: hii ya mahindi, ile ya majani mengine. Shamba la mahindi peke yake ni rahisi kulijua. Penye mimea ya kuchanganya, kazi yake inakuwa nguvu.

Watafiti wa icipe, kule Kenya, walitumia jambo hilo. Njia yao inaitwa «sukuma-vuta»: desmodium kati ya mistari ya mahindi, harufu yake inafukuza, majani ya brachiaria pembeni, yanavuta wadudu watoke shambani. Ilianza kwa ajili ya viwavi vinavyotoboa shina, kisha ikaonekana inapunguza viwavi jeshi pia. Ukikosa mbegu hizo, panda maharagi kati ya mahindi. Hayamalizi viwavi, lakini yanapunguza.

Tena, kipepeo anataga mayai 100 mpaka 200 pamoja, na yanapasuka kwa siku chache tu. Kiwavi kikikua kinajificha ndani ya moyo wa muhindi, na dawa haikifikii vizuri. Pesa inapotea. Basi:

1. Mvua ikianza na mahindi yakiota, pita shambani mara mbili kwa juma, asubuhi.
2. Tembea kwa umbo la herufi W. Simama mahali 5, angalia mimea 10 kila mahali.
3. Ukiona mayai ao viwavi vidogo, viponde kwa mikono.

Kwenye mkutano ujao, kila mutu alete hesabu: kati ya mimea 50, mingapi imeguswa? Tutalinganisha mashamba ya mahindi tupu na yale ya kuchanganya. Hapo tutajua wenyewe.