Rula ya Skeli: Chora Chumba Kabla ya Kununua Vigae

Mlaji anayenunua vigae vya sakafu kwa kukadiria kwa macho aghalabu hupungukiwa, au hubaki na maboksi asiyoyahitaji. Mchoro uliochorwa kwa rula ya skeli humwepusha na hasara hiyo.

Rula hiyo ina nyuso tatu, na kila ukingo una skeli yake, kama vile 1:50, 1:100 na 1:125. Skeli ya 1:50 maana yake ni kwamba sentimita 1 ya karatasi huwakilisha sentimita 50 za jengo. Hivyo mita 1 huchorwa kwa sentimita 2. Skeli hiyo hufaa kwa chumba kimoja. Ile ya 1:100 hufaa kwa nyumba nzima.

Fuata hatua hizi:

1. Pima kwa tepu kuta zote, milango na madirisha.
2. Chagua skeli moja na uiandike kwenye karatasi.
3. Weka sifuri ya ukingo wa skeli hiyo mwanzoni mwa ukuta, kisha tia alama penye urefu uliopima. Huhitaji kukokotoa.
4. Unganisha alama kwa rula ya kawaida, ili alama za rula ya skeli zisifutike.
5. Andika kipimo halisi kando ya kila mstari.

Jihadhari na ukingo usio wake. Chumba cha mita 4 kwa 3 kilichochorwa kwa 1:100, kikisomwa kwa ukingo wa 1:125, huonekana kuwa cha mita 5 kwa 3.75. Eneo hupanda kutoka mita za mraba 12 hadi 18.75, nawe utalipia vigae vya sakafu isiyokuwapo.

Jihadhari pia na nakala. Mchoro wa karatasi ya A3 ukipunguzwa kuwa A4, mstari wa sentimita 4 hubaki takriban sentimita 2.8, ilhali maandishi bado yanasema 1:100. Pima kwanza ukuta ambao kipimo chake kimeandikwa. Visipolingana, fuata namba zilizoandikwa, wala usipime kwenye nakala hiyo.

Mchoro wako hauchukui nafasi ya michoro ya mtaalamu inayohitajika kwa kibali cha ujenzi. Hata hivyo, kabla ya kulipa, mwombe fundi akuoneshe eneo alilokokotoa, ulilinganishe na lako. Tofauti ikijitokeza, pimeni chumba upya mkiwa pamoja.