Sakafu Mpya ya Boti: Vidokezo kwa Wenye Tanga Ndogo Mombasa

Boti ndogo ya tanga yenye kebini ikitia nanga miaka kadhaa Kilindini, Tudor au Mtwapa, ipo siku utakanyaga sakafu nayo ibonyee, harufu ya ngama ikupande puani. Kubadilisha mbao hizo ni kazi unayoweza kuifanya mwenyewe, mradi usisahau kwamba sakafu ya chombo lazima ifunguke.

1. Fanya wakati wa kaskazi. Desemba hadi Machi mvua ni haba, mbao na rangi hukauka vizuri. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa. Ukifumua kebini wakati huo, utashinda ukikumba maji.

2. Usitupe mbao kuukuu, hata zilizooza. Kabla ya kuzing'oa, ziandike namba upande wa juu na uchore mshale unaoelekea omo. Mbavu za boti zimepinda kila mahali, na mbao hizo mbovu ndizo kigezo chako. Zilaze juu ya ubao mpya, chora, kata nje kidogo ya mstari, kisha umalizie kwa randa. Pembe ikiwa imebomoka, kata boksi la dukani ulijaribishe mpaka likae. Pima maji iache nyumbani kama chombo kimelala mchangani, itakudanganya.

3. Jua maji yanatoka wapi. Hapa ndipo wengi hurukia mbao mpya, na baada ya misimu miwili wanarudi pale pale. Maji ya mvua huozesha ubao kuliko maji ya bahari, kwa sababu chumvi huzuia kuvu. Basi, kama ngama haina mafuta, chovya kidole uonje. Yakiwa baridi, kagua madirisha, kifuniko cha juu na mguu wa mlingoti. Yakiwa ya chumvi, ngoja bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yakipwa chombo kikae mchangani ukikague chini. Kisha gonga mihimili ya sakafu kwa mpini wa bisibisi, mmoja mmoja. Mzima hulia kwa ukali; uliooza hutoa sauti butu, na bisibisi huzama ndani bila kusukumwa. Mhimili wa namna hiyo usiufunike.

4. Chagua ubao kwa macho makavu. Mvule hudumu. Msaji ni mzuri zaidi, lakini bei yake itakunyima usingizi. Kwa boti ndogo, plaiwudi ya baharini ya mm 12 yenye alama ya BS 1088 inatosha kabisa. Plaiwudi ya makabati itaachana tabaka kwa tabaka. Kata kwanza, halafu upake epoksi mara tatu kwenye kingo, maana huko ndiko maji huingilia. Kuna na mbao za plastiki iliyorejelezwa. Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa Lamu kwa plastiki na kushushwa majini 2018, kilifika Zanzibar mwaka uliofuata. Ila plastiki hutanuka kwa joto na hunepa kuliko mti, kwa hiyo sogeza mihimili karibu karibu.

5. Acha mwanya wa mm 3 pande zote. Ubao ukivimba bila nafasi, utaung'oa kwa shoka.

6. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316. Za kawaida zitatoa machozi mekundu kabla ya mwaka kwisha.

7. Kila kipande kiwe na tundu la kidole na kikomeo cha kuzungusha. Tundu ni la kufungulia upesi. Kikomeo kinazuia mbao zisiruke chombo kikilala upande.

8. Juu yake, rangi yenye mchanga kidogo ili mguu usiteleze. Mchanga wa ufukweni uoshe kwa maji baridi na uukaushe, chumvi isije ikavuta unyevu. Zulia usitie. Mkeka wa mwaa unapendeza, unakunjwa, unaanikwa juani, na bei yake haiumi.

Ukimaliza, mwite mtu asiyekijua chombo chako umwambie afungue sakafu yote kwa mkono mtupu. Akikwama hata kipande kimoja, rekebisha kabla hujapandisha tanga, maana maji yakianza kuingia katikati ya mkondo wa Likoni hutakuwa na muda wa kutafuta bisibisi.