Usukani ukitetemeka gari ikiwa imesimama, usikimbilie tairi

Leo siongelei bei za jumla wala namna ya kudai madeni. Naongelea gari la biashara, maana kuna mwezi nimekula mtaji wangu mwenyewe kwa kutojua kitu kidogo sana.

Nina duka la vyakula hapa Tanga mjini, na nina Probox ya otomatiki ninayopelekea mzigo njia ya Pangani. Nashusha Tongoni, Kigombe, mpaka Pangani mjini, na siku nyingine navuka hadi Bweni. Siku moja niko kwenye foleni ya kivuko, gari liko D, mguu kwenye breki, nikasikia usukani unatetemeka mkononi kama simu iliyowekwa mtetemo. Huko nyuma chupa za soda zinagongana. Nikiondoka kunatulia. Nikisimama kunaanza tena.

Niliporudi mjini nikaenda kwa watu wa tairi. Wakafanya balansi na alaimenti, 50,000 ikaondoka. Usukani vilevile. Nikaenda kwa fundi mwingine, hata boneti hajafungua akasema hiyo ni plagi na koili. Plagi 4, koili 1, na ufundi wake, 120,000. Usukani vilevile! Jumla 170,000, yaani mfuko mzima wa sukari umeingia kwenye gari na tatizo bado lipo palepale.

Wa tatu alikuwa mzee mmoja wa makamo, fundi wa mtaani tu, chini ya mwembe. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Akaniuliza swali moja.

"Ukiitoa D ukaweka N, inakuwaje?"

"Sijawahi kujaribu, mzee wangu."

"Sasa hizo plagi ulinunua kwa sababu gani, kijana wangu?"

Nilinyamaza. Tukajaribu palepale: kwenye D inatetemeka, kwenye N inapungua karibu yote. Akasema injini haina ugonjwa, kilichokufa ni maunti, yale mapande ya chuma na mpira yanayoshikilia injini kwenye bodi. Ukiwa D huku umekanyaga breki, injini inasukuma gia na gari limezuiwa, kwa hiyo injini inajikaza upande mmoja. Mpira ukiwa mzima unaumeza ule mtikisiko. Ukiwa umepasuka, chuma kinagusa chuma, na mtikisiko unapita kwenye bodi mpaka kwenye usukani.

Na tairi? Gari likiwa limesimama tairi hazizunguki, zitatikisaje usukani? Tatizo la balansi unalikuta barabarani, gari likishika mwendo, 80 na kuendelea. Hili peke yake lingeniokolea ile 50,000.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, kaa ndani ya gari dakika 5 na ujipimie. Liache kwenye sailensi, injini inawaka bila kukanyaga mafuta. Weka N, sikiliza. Kanyaga breki sawasawa, weka D, sikiliza. Kisha washa AC.

Ikitetemeka D na kutulia N, anza na maunti. Ikitetemeka kote kote, na mlio wa ekzosi unarukaruka haukwendi sawa, hapo silinda moja haichomi vizuri, ndipo plagi na koili zinapohusika. Hata hapo usinunue koili kwa kubahatisha. Zima gari, badilishana koili ya silinda moja na ya jirani yake, halafu lipimwe kwenye mashine. Kodi ya P0301 ni silinda ya 1, P0302 ya 2, hivyo hivyo mpaka P0304. Kosa likihama pamoja na koili, koili ndiyo mbovu. Lisipohama, angalia plagi na mengine. Na kama inazidi pale tu unapowasha AC, na mshale wa RPM unashuka mno, mara nyingi ni throto imejaa uchafu, au mpira wa hewa umepasuka unavuta upepo pembeni.

Sisi wa pwani tuna la ziada, chumvi. Kama unabeba samaki na maji ya barafu yanamwagika, au unalaza gari karibu na bahari, angalia na waya wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi na injini. Ukila kutu, umeme unayumba na injini nayo inayumba.

Maunti yenyewe unaikagua kwa tochi: mpira umechanika, umelala, au kuna majimaji meusi yamevuja (zile zenye mafuta ndani). Kuna na kipimo cha kuhamisha D na R huku mwingine anatazama injini kama inaruka. Hicho ukifanye na hendibreki juu, mguu kwenye breki, tairi umeziwekea mawe, na anayetazama asimame pembeni. Mbele au nyuma ya gari asikae mtu.

Yangu ilikuwa ya upande wa kulia. Nilipata mtumba wa Japani kwa 45,000. Dukani kulikuwa na mpya ya bei ndogo zaidi, mzee akaibonyeza kwa kidole akairudisha, mpira mgumu kama jiwe. Ngumu hivyo nayo inapitisha mtikisiko, utalipa na bado utatetemeka. Wakati wa kufunga, alizikaza nati nusu, akawasha gari ili injini ijikalie yenyewe, ndipo akamalizia kukaza. Akaniambia nirudishe ile ya zamani nyumbani niitazame vizuri. Mpira wake ulikuwa umeachana na chuma kabisa, kidole kinapita.

Wenye Kirikuu, zile Suzuki Carry za cc 660 zina silinda 3, kutikisika kidogo kwenye sailensi ni kawaida yake. Linganisha na Kirikuu ya mwenzako, usilinganishe na Probox.