Skua Wawili wa Bahari ya Kusini

Mwezi huu twatazama ndege wawili wa jamaa moja wakaao kusini kabisa mwa dunia, katika nchi ya barafu iitwayo Antaktika na visiwa vilivyo karibu nayo. Waitwa skua. Miguu yao ina ngozi kati ya vidole kama ya bata, lakini kucha ni kali na mdomo umepinda kama ndoana. Maana ni wawindaji.

Wa kwanza ni skua wa kahawia, mkubwa, mwenye mdomo mnene. Wa pili ni skua wa ncha ya kusini, mdogo kidogo, ambaye mara nyingi shingo yake na kifua vimepauka. Huyu jina lake la kitaalamu alipewa mwaka 1893 kwa ukumbusho wa Robert McCormick, tabibu aliyesafiri na merikebu za James Clark Ross mwaka 1839 hata 1843.

Katika Rasi ya Antaktika hao wawili hukaa pamoja. Skua wa kahawia hushika makao ya pengwini, akila mayai na makinda yao, naye humfukuza mwenziwe. Yule mdogo huenda baharini kuvua samaki. Je, hapendi mayai? Sivyo! Katika Bahari ya Ross, ambako skua wa kahawia hazai, yeye huyala. Basi twaona ya kuwa si tabia yake tu imfanyayo mvuvi, bali nguvu za jirani. Na mwaka ambao samaki ni haba, makinda yake hufa njaa.

Hata hivyo hawakutengana kabisa: pengine huoana na kuzaa machotara. Majira ya baridi yakifika, mdogo huruka mbali, akivuka ikweta mpaka bahari za kaskazini. Mkubwa hubaki katika bahari za kusini.

Tena wote wawili hula mizoga, na jambo hilo limewaponza. Mwaka 2023 mafua ya ndege yalifika Georgia Kusini, yakaua skua wa kahawia. Mwaka 2024 skua wa ncha ya kusini nao walikutwa wamekufa kwa ugonjwa huo huo.

Maswali:
1. Skua hao watambulikanaje?
2. Kwa nini yule mdogo huvua samaki katika Rasi, lakini hula mayai katika Bahari ya Ross?
3. Ugonjwa uliwapataje kwa upesi?